Kupanga msimu wa michezo ya kuigiza katika mji wa ngurumo

Kabla hujachagua mchezo hata mmoja, nenda ukumbini siku ya mvua, saa tisa alasiri, ukae kwenye kiti cha nyuma kabisa. Mwombe mwenzako apande jukwaani aseme maneno ya kawaida, kwa sauti ya mtu anayezungumza na mkewe jikoni. Ukimsikia, una ukumbi. Usipomsikia, una ukumbi wa miezi fulani tu, na msimu wako unaanza kupangwa hapo.

Ukumbi tunaoukodi sisi hapa Tororo, mashariki mwa Uganda, una paa la mabati lisilo na dari. Mvua ikishuka, mwigizaji aliye hatua tatu mbele yako unauona mdomo wake ukifunguka na kufungwa, neno hulipati. Na huu ni mji wa ngurumo. Kumbukumbu za hali ya hewa za 1967 hadi 1976 zilihesabu hapa wastani wa siku 251 za ngurumo kwa mwaka. Ukiutazama mwamba mkubwa ulio juu ya mji wetu saa saba mchana ukaona kilele chake kimevaa wingu, anua nguo zako kwenye kamba.

Naandika haya kwa ajili ya kijana mmoja, mwalimu wa sekondari kule Kasese, aliyenipigia simu mwezi uliopita. Ana kikundi cha watu kumi na wawili. Wamecheza shuleni, wamecheza kanisani, watu wamewapigia vigelegele, na sasa wanataka kutangaza msimu mzima wa mwakani: michezo minne, tarehe zinazojulikana, kadi inayouzwa mapema. "Mwalimu, samahani kwa usumbufu," aliniambia, "nyinyi huwa mnaanzia wapi?" Swali lake lilinikaa kichwani wiki nzima, maana hata sisi tuko katikati ya kupanga msimu wetu, na mengi ninayofanya nayafanya kwa mazoea. Nimeona nimwandikie yeye, na mwingine yeyote mwenye kikundi nje ya Kampala.

Mimi ni katibu wa kikundi, huu mwaka wa kumi na nne. Nilifundisha shule ya msingi hadi nilipostaafu. Kwenye mchezo nashika daftari: nani anaingia lini, taa ipi inazimwa, kiti kipi kinahamishwa. Sijawahi kuongoza mchezo wala sijaandika hata mmoja. Lakini kalenda ya msimu ni yangu, na mwongozaji wetu anajua kwamba tarehe nikisema hapana, ni hapana.

Kalenda ya ukutani

Vikundi vingi huanza na orodha ya michezo wanayoipenda. Wanaipanga kwa kupokezana, Machi huu, Juni ule, kisha wanashangaa viti vikiwa vitupu. Sisi huanza na ile kalenda ya bure ya duka la dawa, pamoja na penseli za rangi, na tunapiga mistari juu ya siku ambazo watu wetu hawawezi kuja hata wakitupenda vipi. Mchezo hauzungumzwi mpaka mistari iishe.

Bluu ni mvua. Mvua za kwanza zinaanza Machi na kushika hadi Mei. Za pili zinakuja kuanzia mwisho wa Agosti na kwenda mpaka Novemba. Mwaka wangu wa tatu tulifungua msimu mwezi wa nne, na mchezo uliokuwa na ungamo mwishoni: binti anamnong'oneza baba yake jina la mtu aliyemharibia maisha. Tulifanya mazoezi ya mnong'ono huo miezi miwili. Siku ya kufungua, mawe ya barafu yalianguka juu ya mabati tangu baba alipoketi mpaka pazia lilipofungwa. Watu walitoka bila kulijua jina. Yule dada aliyecheza binti alilia nyuma ya jukwaa, na sikuwa na la kumwambia, kwa sababu kosa lilikuwa la kalenda na kalenda ilikuwa mikononi mwangu.

Nyekundu ni ada ya shule. Shule zikifunguliwa Februari, kisha mwisho wa Mei au mwanzo wa Juni, kisha Septemba, mzazi wa Tororo hana shilingi elfu tano ya kukupa. Nachora nyekundu wiki mbili kabla ya kufungua na wiki mbili baada yake. Penseli hii wenzangu walinipinga kuliko zote, wakisema watu hawaachi kucheka kwa sababu ya ada. Hawaachi kucheka, ila wanachekea nyumbani.

Nyeusi ni mitihani. Oktoba, Novemba na mwanzo wa Desemba watoto wa P7, yaani darasa la saba, na wa S4 na S6, sekondari ya nne na ya sita, wanakalia mitihani ya taifa. Nusu ya vijana wetu ni wanafunzi au walimu wanaosimamia wanafunzi. Kumchukua mtoto wa S4 kwenye mazoezi wiki ya hesabu ni dhambi, na mama yake akija kukudai utamjibu nini?

Kijani naitumia kwa mambo ya jamii, na hapa kila mji una yake. Sisi tuko kilomita kama arobaini na tano tu kutoka Mbale, na mwakani ni mwaka wa shufwa, wenye namba inayogawanyika kwa mbili. Kwa Wamasaaba wa huko huo ni mwaka wa imbalu, tohara ya vijana, na ngoma zinafunguliwa rasmi Agosti katika uwanja wa Mutoto. Mimi si Mmasaaba, lakini waigizaji wetu watatu ni Wamasaaba, na mpiga ngoma wetu mkuu pia. Agosti ya mwaka wa shufwa hawapo, na hawapaswi kuwapo. Wako kwao, wanacheza na wadogo zao barabarani. Kupeleka mchezo Mbale mwezi huo ni kushindana na kitu ambacho kimewatoa watu nyumbani kwa vizazi. Sipeleki. Kijana wangu wa Kasese, wewe kaa na wazee wa huko wakutajie zenu.

Ramadhani pia ni ya kijani, nayo inahama: kila mwaka inarudi nyuma siku kumi au kumi na moja, kwa hiyo usinakili kalenda ya mwaka jana. Onyesho la jioni katika mwezi huo linamtaka jirani yako Mwislamu achague kati yako na futari, na baada ya futari kuna tarawehe. Lakini siku ya pili ya Idi, watu wamevaa vizuri, wametulia, wanatafuta pa kwenda na watoto. Izungushie duara.

Halafu mpira. Sitaupuuza, kwa sababu vibanda vya kuonyeshea mpira wa Ulaya viko mita hamsini kutoka ukumbini kwetu. Jumamosi yote ni ya kwao. Tumejaribu kila saa ya wiki, na mbili ndizo zimebaki: Ijumaa saa kumi na mbili jioni, na Jumapili saa nane kamili mchana, baada ya ibada ya mwisho na kabla ya mechi za jioni. Ile ya Jumapili ina faida nyingine kwetu wenye ngurumo: mchezo wa dakika tisini unamalizika kabla mbingu hazijafunga kabisa. Kwa hiyo mchezo wowote unaozidi dakika tisini haupati Jumapili, na mwandishi anaambiwa hivyo mapema.

Mistari ikiisha, utaona nafasi zilizobaki ni chache. Sisi zimebaki tatu: katikati ya Juni hadi katikati ya Agosti, juma la Uhuru la tarehe 9 Oktoba, na kuanzia tarehe 26 Desemba hadi nusu ya Januari. Usihuzunike. Kikundi cha watu wenye kazi zao hakiwezi kujaza zaidi ya hapo bila kuumizana.

Na ndani ya nafasi ya kwanza ipo siku moja ambayo kwa sisi tunaocheza kwa Kiswahili ni zawadi: tarehe 7 Julai. UNESCO iliitangaza mwaka 2021 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, kwa kukumbuka Julai 7 ya 1954, pale TANU chini ya Nyerere ilipokifanya Kiswahili chombo cha kudai uhuru. Shule ziko katikati ya muhula wa pili, mvua imepungua, na walimu wa Kiswahili wanatafuta la kufanya na madarasa yao. Tangu sherehe hiyo ianze 2022, sisi tunafungua msimu siku hiyo, hata ikiangukia Jumanne.

Kiswahili cha jukwaani, hapa kwetu

Kuna jambo nataka kulisema polepole, kwa sababu vikundi vingi vya Kiswahili nchini mwetu vinaliruka.

Tororo ina Wajopadhola, Wateso, Wasamia, Wagwere, na watu wa kila kabila walioletwa na reli, saruji na mpaka. Sokoni wanakutana kwa Kiswahili. Ndiyo sababu tunacheza kwa lugha hiyo: muuza samaki na dereva wa lori la Malaba, mpakani na Kenya, wanakaa benchi moja na wote wanacheka wakati mmoja. Lakini kwa watu wa umri fulani, Kiswahili kina jeraha. Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na wengi walikisikia kwanza kutoka kinywani mwa mtu mwenye bunduki kwenye kizuizi cha barabarani. Katiba ilikifanya lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kifundishwe shuleni kwa lazima. Sheria imekwenda mbele, na mwili wa mtu una kumbukumbu zake.

Mwaka mmoja tulifungua msimu na mchezo uliokuwa na askari. Onyesho la pili tu, mwigizaji alipiga buti sakafuni akafoka, "Simama! Kitambulisho!" Mzee mmoja safu ya mbele akasimama kweli. Akabaki amesimama, mikono kando, kisha akageuka akatoka. Nilimfuata nje. Aliniambia, "Mwanangu, maneno hayo mara ya mwisho niliyasikia nimelazwa kifudifudi." Nilimrudishia pesa yake akakataa kuipokea, nikamsindikiza hadi kituo cha boda boda.

Tangu siku ile mchezo wa kufungua msimu kwetu ni mchezo wa nyumbani. Kiswahili cha mapenzi, cha mashemeji, cha kudaiana mahari, cha mama anayemwita mtoto aje ale. Mtu akishazoea kukisikia hivyo kutoka jukwaani, mchezo wa askari unaweza kuja baadaye katika mwaka, na tunauandika wazi kwenye tangazo kwamba una askari na vitisho. Mzee yule alirudi miaka miwili baadaye, kwenye mchezo wa harusi. Alikaa safu ya mbele vilevile.

Jambo la pili la lugha: kila mchezo, kabla haujaingia kwenye msimu, husomwa kwa sauti mbele ya watu watano ambao si wanakikundi. Sisi tunaye mama muuza uji, fundi baiskeli, kijana wa kubadilisha fedha, na yeyote wawili watakaopatikana. Wakikunja uso, naweka alama kwenye daftari. Hivyo ndivyo "mustakabali" ulivyotoka kwenye mchezo wetu wa mwaka jana ikaingia "kesho yetu". Mwandishi alinuna kidogo, kisha akasikia ukumbi mzima ukijibu "kesho yetu!" pamoja na mwigizaji, akaacha kununa. Hili unalifanya kwa mchezo wenu wenyewe. Mchezo wa mtu mwingine hubadilishi neno bila ruhusa yake.

Ruhusa yenyewe

Kwa sheria ya hakimiliki ya Uganda ya 2006, kazi ni ya mwandishi maisha yake yote na miaka hamsini baada ya kifo chake. Usidhani mchezo ni wa kila mtu kwa sababu uliukuta kwenye maktaba ya shule. Na tafsiri ina mwenyewe wake. Shakespeare alikufa 1616, hakuna wa kumwomba. Lakini Mabepari wa Venisi ya Kiswahili ilitafsiriwa na Julius Nyerere mwaka 1969, na Nyerere amefariki 1999. Piga hesabu. Andika barua kwa mchapishaji, taja idadi ya maonyesho, idadi ya viti na kiingilio, na uandike mapema, miezi sita kabla. Tumewahi kujibiwa kwa wema sana baada ya kusema ukweli kwamba ukumbi wetu ni wa viti mia na hamsini.

Ruhusa ya serikali nayo isikupite. Maandishi ya mchezo yanapelekwa kwa Media Council, baraza la vyombo vya habari. Polisi na mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la mtaa, wanapewa barua yenye tarehe zote za msimu. Ofisi ya manispaa inakuambia leseni gani inahitajika kwa ukumbi wako. Peleka karatasi za michezo yote minne kwa safari moja.

Watu kabla ya michezo

Nina daftari la pili, jembamba, ambalo hakuna anayelisoma ila mimi. Kila mwezi wa Novemba naketi na kila mwanakikundi peke yake, nusu saa, chai na mandazi, nikimuuliza mwaka wake ujao utakuwaje. Je, unatarajia mtoto? Unaenda kusoma? Kiwandani uko zamu ya usiku miezi gani? Kuna ugonjwa nyumbani? Siulizi kwa umbeya. Tulikuwa na dada aliyeogopa kutuambia kwamba ana mimba kwa sababu alijua amepewa nafasi kubwa ya mchezo wa mwisho. Alicheza hadi mwezi wa saba, akianguka chini kwenye tukio la vita kila onyesho, na sisi tulimpigia makofi. Nikikumbuka napata baridi. Angeambiwa tangu mwanzo kwamba nafasi yake ya msimu unaofuata ipo, asingeficha.

Kutokana na daftari hilo napata kitu ambacho mwongozaji anakihitaji kuliko fikra zote nzuri: idadi ya watu kwa kila nafasi ya kalenda. Mwakani Julai nina watu tisa. Agosti nina wawili wa uhakika. Oktoba watano, wote watu wazima wasio na mtihani. Desemba na Januari, likizo, nina kumi na sita na watoto juu yake. Sasa, na ni sasa tu, tunaleta michezo mezani.

Mazoezi yanaanza saa kumi alasiri na kumalizika saa kumi na mbili, hata kama tukio ni tamu namna gani. Akina dada wanaoishi mbali wanarudi na boda boda, na usiku nauli inapanda maradufu, na nauli siyo hatari kubwa zaidi ya njiani. Kikundi kinacholazimisha mazoezi hadi saa tatu usiku kinabaki na wanaume watupu baada ya mwaka mmoja. Nimewaona.

Michezo minne ya mwakani

Nikueleze tulivyopanga ili uone jinsi kalenda na daftari vinavyochagua.

Julai 7 tunafungua na mchezo wa mashemeji, tuliouandika wenyewe: familia ya Tororo na familia ya ng'ambo ya mpaka wanajadiliana mahari, na kila upande unahesabu kwa shilingi yake. Watu tisa. Asubuhi tunacheza kwa shule, jioni kwa mji. Shule tunaziandikia Mei, mwanzo wa muhula, kabla ratiba zao hazijajaa. Mwalimu mkuu akipata barua ya wiki mbili kabla, atakusifu na hatakuja.

Mwisho wa Julai na Agosti ni mchezo wa watu wawili, mke na mume wanaosubiri simu ya mtoto aliyekwenda kufanya kazi Uarabuni. Vifaa ni kitanda cha kukunja, ndoo na simu. Kila kitu kinapanda boda boda mbili. Tutaupeleka Malaba, Busia na shule tatu za njiani. Hili la mchezo mwepesi tumelirithi: miaka ya 1960 watu wa Makerere walikuwa na kikundi cha kusafiri kilichozunguka nchi kikicheza bure, na walibeba michezo mifupi ya lugha kadhaa, Kiswahili kikiwemo, wakichagua inayofaa kila walipofika. Kila msimu uwe na mchezo mmoja unaoweza kwenda kwa watu. Hiyo ni imani yangu na sitaiacha. Kuna wanawake wa Malaba wanaolala kwenye bidhaa zao. Ukiwangoja waje ukumbini kwako utangoja milele.

Oktoba, mvua ikiwa kali, tunaondoka kwenye mabati. Tumepata chumba cha mikutano chenye dari, viti sitini. Humo ndimo tunaweka mchezo mzito: ndugu watano na kiwanja kimoja cha urithi. Hapo ndipo mnong'ono unafaa. Watu sitini walio karibu, wanasikia mtu akimeza mate.

Na tarehe 26 Desemba ndiyo sherehe. Watoto wa Tororo walioko Kampala, Nairobi na kwingine wamerudi nyumbani, wana pesa kidogo, wanataka kuwaonyesha wazazi wao kitu. Kumi na sita jukwaani, ngoma, nyimbo, watoto wakikimbia katikati ya viti. Mchezo huu haupaswi kuwa na hadithi ngumu, kwa sababu watu wataingia na kutoka, watasalimiana, shangazi atamwona mpwa wake aliyepotea miaka mitatu na atapiga yowe. Acha apige.

Pesa

Viti mia na hamsini kwa shilingi 5,000 ni 750,000. Sahau hesabu hiyo. Bajeti yetu inaandikwa kwa nusu ya ukumbi, 375,000, na mchezo usiotosha humo unapunguzwa mpaka utoshe. Kwa onyesho la kwanza la Julai nimeandika ukumbi 120,000, petroli ya jenereta 50,000, nauli za waigizaji 60,000, mabango 40,000, maleba, yaani mavazi ya jukwaani, ya mitumba 50,000. Zinabaki 55,000, nazo ni za kisichojulikana. Nauli za waigizaji zisiguswe kamwe. Ukikosa pesa ya mabango, andika kwa mkono.

Kadi ya msimu ni 15,000 kwa michezo minne, badala ya 20,000, na inalipwa kwa vipande vitatu kwa simu, elfu tano elfu tano. Mwaka jana tuliuza sitini. Hizo ni 900,000 zilizoingia kabla ya kufungua, na hapa ndipo vikundi vinapofia. Pesa ya kadi si faida ya Julai, ni deni la Oktoba na Desemba. Tunaigawa robo nne, 225,000 kila mchezo, na robo ya mchezo wa nne inakaa kwa mweka hazina na sahihi mbili. Mtu amekupa pesa yake Juni kwa ajili ya kitu cha Desemba. Hakuna heshima kubwa zaidi ambayo mji unaweza kukupa.

Na ukumbi: lipa amana ya tarehe zote za msimu kwa mara moja, upewe risiti yenye kila tarehe imeandikwa kwa maneno na kwa tarakimu. Ukumbi mmoja tulioutumia zamani ulikubali tarehe zetu kwa mdomo, kisha Ijumaa ya kufungua tukakuta mapambo ya harusi, keki iko mezani. Mabango mia yalikuwa ukutani mjini. Tulicheza kwenye uwanja wa shule ya jirani kwa taa za pikipiki nne, na bwana harusi mwenyewe alituletea viti.

Kutangaza, na mvua

Tangaza msimu wote siku moja, usitangaze mchezo mmojammoja. Karatasi moja, upande wa mbele michezo minne na tarehe zake, kwa maneno ambayo mtu akiyasoma akiwa juu ya baiskeli anayapata. Redio ya mji kabla ya habari za jioni, vipaza sauti vya sokoni siku ya gulio, makanisa na misikiti kupitia kwa wazee wao. Wanakikundi wanakariri tarehe zote nne, maana muuza kadi bora ni mwigizaji anayenunua nyanya.

Nyuma ya karatasi andika sheria ya mvua. Sisi ni hivi, na unaweza kuinakili. Ngurumo zikikaribia, fundi anachomoa taa na vipaza sauti vyote ukutani, tunabaki na taa za sola. Mvua ikizidi sauti, waigizaji wanaganda walipo, ngoma inachukua, na ukumbi unaimba wimbo uliofundishwa kabla ya mchezo kuanza. Mvua ikipungua, tunaanza tena mwanzo wa tukio lile, si katikati. Ikikatisha onyesho kabla ya nusu yake, kadi au tiketi yako inakubaliwa Jumapili inayofuata saa nane, na mwenye kutoka mbali, Mulanda, Nagongera au Malaba, asiogope kuuliza pa kulala. Mwaka jana tuliwalaza kumi na mmoja nyumbani kwangu, kwenye mikeka, na asubuhi wakanywa uji wa yule mama anayetusomea michezo.